Likizo ya Kadi

Huku Yamumbi watakwambia mashine ya vidole ndiyo iliyoleta haya yote. Wengine watakwambia ni Jemutai wa ofisi ya wafanyakazi, kwa kuwa ana kucha ndefu na gari jeupe, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kulaumiwa. Waache waseme. Mashine haina mdomo. Mwenye mdomo ni mimi, Wangari, Mama Shiko, na nilipewa kipaza sauti nikakitumia.

Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha mbegu miaka kumi na tisa. Mahindi yanatoka kwa wakulima wa Sugoi na kwingineko, tunayapepeta, tunayapaka dawa ya rangi ya waridi ili wadudu wasiyale ardhini, halafu tunayatia kwenye pakiti za kilo mbili. Ile dawa inaruka kama unga. Kwa hiyo ukiingia ndani unavaa dastikoti, kofia ya kufunika nywele, barakoa na miwani ya plastiki, na hapo hata mama aliyekuzaa hakutambui. Wanawake karibu mia mbili tunasimama kwenye laini tukiwa tumefanana kama hizo pakiti zenyewe. Kwa miaka mingi jambo hilo lilitusaidia.

Wengi wetu ni vibarua wa kontrakti. Miezi mitatu, kisha unapumzishwa wiki kadhaa, kisha unaitwa tena uanze upya kama mgeni. Sheria ya nchi inasema mama akijifungua apewe miezi mitatu na mshahara wake wote. Ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kiwandani kwetu, kibarua akionekana na tumbo, kontrakti ikiisha haitwi tena, na hakuna karatasi popote inayosema amefukuzwa. Akiuliza anaambiwa kazi imepungua. Imepungua kwake peke yake.

Basi tukajipa likizo wenyewe. Mimi na marehemu Nangila ndio tulioianzisha, mwaka niliomzaa Muigai wangu. Nilikuwa nimeficha tumbo chini ya dastikoti hadi siku ya mwisho, na siku ya tatu baada ya kujifungua nilikuwa najikaza nirudi kazini, damu bado inatoka. Nangila, ambaye wakati huo alikuwa amepumzishwa, aliingia nyumbani kwangu, akaniangalia, akaichukua kadi yangu ya lango pale mezani.

"Lala," akaniambia. "Huko ndani nani anajua sura?"

Akafanya kazi kwa kadi yangu siku arobaini. Malipo yaliingia kwenye simu yangu kila Jumamosi, tukagawana nusu kwa nusu. Tangu hapo tukaiita likizo ya kadi. Kila mama aliyejifungua alipata mtu wa kumshikia kadi, awe dada, jirani au shemeji, mradi walingane kimo na ajue namba ya kadi kwa kichwa. Murunga, msimamizi wa laini, alitaka pakiti zitimie tu. Anayezijaza ni nani haikuwa shida yake. Miaka kumi na mitano hakuna mtoto wa laini yetu aliyeachwa na mamake kabla ya siku arobaini. Nalisema hili kwa fahari, na fahari hiyo ndiyo inayoniuma.

Baadaye bahati iliniangukia. Niliajiriwa kwa kudumu, mmoja kati ya wanawake tisa, na wenzangu wakanichagua kuwa mwakilishi wao kwenye chama cha wafanyakazi. Walinichagua kwa sababu sijui kunyamaza. Walidhani ni sifa.

Mwezi wa Januari, kiwanda kikiwa kimechacha kwa kuwa wakulima wanataka mbegu kabla ya mvua, Ayoo akajifungua. Ayoo ni msichana wa miaka ishirini na tatu, mrefu, mpole, aliyekuja Eldoret kutoka upande wa ziwa baada ya mamake kufariki, akapanga chumba nyuma ya nyumba yangu. Odera, baba wa mtoto, alikuwa fundi wa mjengo. Aliposikia habari ya mimba alipata kazi Kisumu, halafu simu yake ikapata ugonjwa usiopona. Mtoto alikuja miezi miwili na nusu kabla ya wakati wake, kilo moja na gramu mia moja, msichana. Ayoo akampa jina la mamake, Selpha.

Daktari alieleza kila kitu kwa lugha rahisi. Mtoto abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, kwa maana joto la mwili wa mtu ndilo litakalommalizia kazi ambayo tumbo halikuimaliza. Apewe maziwa ya mamake kila baada ya saa tatu, kwa mpira mwembamba uliopita puani. Akifikisha kilo mbili, waende nyumbani.

"Kilo mbili," Ayoo aliniambia nilipoenda kumwona, akacheka kidogo. "Mama Shiko, kilo mbili mimi naijua hata nikifunga macho."

Na kweli aliijua. Kazi yake kwenye laini ilikuwa kuinua pakiti kutoka kwenye mizani na kuiziba mdomo. Mwaka uliopita mizani ya tatu iliharibika siku mbili, na Ayoo akawa anapima kwa kiganja. Murunga alirudia kupima nyuma yake akitafuta kosa, akakosa.

Akumu, mdogo wake Ayoo, akashika kadi. Kimo sawa, mabega sawa. Hesabu yetu ilikuwa rahisi: kadi iendelee kugongwa langoni, mtoto aendelee kupanda, na siku arobaini zikiisha, kilo mbili nazo ziwe zimefika. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na huyu alikuwa ni mimba na mwana kwa wakati mmoja.

Siku ya kumi na mbili ya maisha ya Selpha, kamati ya wabunge ikaja mjini kukusanya maoni ya wananchi. Kulikuwa na mswada wa kuongeza likizo ya uzazi na kuifikisha hadi kwa vibarua, walipwe kutoka kwenye mfuko wa pamoja ili mwajiri asimwogope mwanamke mwenye tumbo. Chama chetu kilikuwa kimeupigania mswada huo kwa miaka. Oketch, katibu wa tawi, mtu mzima mwenye subira kuliko mimi mara kumi, aliandika hoja zetu kurasa nne na kunipa nizisome. "Usome, ukae," akaniambia. "Usiongeze chumvi."

Nilisoma, nikakaa. Mheshimiwa mmoja alikuwa akitafuta kitu kwenye simu yake. Mwingine alikuwa amefumba macho kwa namna ya mtu anayefikiri sana.

Kisha akasimama msemaji wa waajiri, kijana wa suti, sauti ya upole. Hakututukana. Angetutukana ningemshukuru. Alisema waajiri wanawaheshimu akina mama, wao wenyewe wamezaliwa na akina mama. Halafu akainua karatasi. Alisema wamepitia rekodi za lango za viwanda kadhaa vya hapa, chetu kikiwemo, na kwa miaka mitano mizima hakuna kibarua mwanamke hata mmoja aliyekosa kazi wiki mbili mfululizo ndani ya kontrakti yake.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "wanawake hawa ni shupavu. Kama shida ingekuwepo, ingeonekana kwenye rekodi. Tusiwatengenezee shida ambayo hawana."

Yule aliyefumba macho akayafumbua, akaandika. Niliuona mkono wake ukiandika. Miaka kumi na mitano ya siri yetu ilikuwa imegeuzwa ushahidi dhidi yetu. Kila siku ambayo Nangila alisimama mahali pangu, miguu ikimvimba, ilikuwa kwenye karatasi ile ikisema Wangari hakuhitaji kulala.

Hasira yangu haipandi ngazi, inaruka. Oketch alinishika sweta.

"Mama Shiko, wacha. Hiyo tutajibu kwa maandishi."

"Kwa maandishi utajibu wewe," nikamwambia. "Mficha uchi hazai."

Nikaenda mbele nikachukua kipaza sauti bila kupewa mara ya pili. Nikasema rekodi hizo ni za uongo, na walioziongopea ni sisi. Nikaeleza yote: barakoa, miwani, kimo, namba ya kadi, nusu kwa nusu. Nikaeleza habari za Nangila. Sikutaja jina la mtu aliye hai, hilo nilijipongeza kwalo baadaye. Lakini nilimalizia hivi: "Hata sasa tukiongea, kuna mama yuko hospitali na mtoto wa kilo moja kifuani, na kadi yake imegongwa leo saa moja asubuhi. Rekodi ya huyu kijana itasema huyo mama hana shida."

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama. Mheshimiwa wa simu aliweka simu chini. Kwenye safu ya nyuma kabisa alikuwa ameketi Jemutai wetu, na yeye hakupiga makofi, alikuwa akiandika. Nilimwona. Sitadanganya kwamba sikumwona. Nilimwona nikajiambia: andika, upate aibu.

Baada ya hapo kulikuwa na chai na mandazi. Mwenyekiti alinishika mkono akasema nimewafungua macho. Kabla sijafika Yamumbi video yangu ilikuwa imeshafika, imepita kwenye simu za watu wote wa kiwanda, na mimi nilipanda kilima cha kwetu nikitarajia vigelegele.

Nilimkuta Akumu ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha Ayoo, kadi mkononi.

"Mama Shiko," akasema, "kesho niende ama nisiende?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Si pale ukumbini, si kwenye chai. Hapo, mbele ya msichana wa miaka kumi na tisa aliyeuliza swali ambalo mimi, mwenye majibu ya kila mtu, sikuwa nimejiuliza hata mara moja. Na bado sikunyamaza.

"Enda," nikamwambia. "Hawawezi kufanya kitu haraka hivyo."

Waliweza. Asubuhi Jemutai alikuwa langoni na walinzi wawili na orodha, kila mtu atoe barakoa, aonyeshe kitambulisho. Akumu alishikwa wa tatu. Aliambiwa kutumia kadi ya mtu mwingine ni kesi ya polisi, akalazimishwa kutia sahihi kwenye karatasi aliyoisoma nusu kwa machozi. Kufikia saa sita alikuwa ameshaondoka kwenda kwao Ugenya. Sikumlaumu. Alhamisi mashine ya vidole ilikuwa imefungwa ukutani, na juu yake tangazo: kila mfanyakazi aje mwenyewe asajili kidole kabla ya Jumamosi saa sita, asiyekuja amejiachisha kazi.

Akina mama saba walikuwa kwenye likizo ya kadi wakati huo. Wanne walirudi kusajili vidole, mmoja wao akitembea ameshikilia ukuta. Wawili waliacha kazi. Wa saba alikuwa Ayoo.

Nilienda kwa Jemutai nikiwa nimejiandaa kugombana. Alinipa kiti.

"Mama Shiko, mimi sijakukosea. Wewe mwenyewe ulisema kadi zinadanganya. Nimerekebisha tu."

"Kuna mtoto mdogo hospitali, Jemutai."

"Najua. Ulisema kwa maiki." Hakuwa na kejeli, alikuwa amechoka. "Na hatujafukuza mtu. Hata yule dada hatukumpeleka polisi. Ayoo akuje Jumamosi aweke kidole, tusahau hii maneno. Asipokuja, sasa hiyo ni yeye ameamua."

"Wewe ulipozaa ulikaa nyumbani muda gani?"

"Miezi nne. Tatu za sheria, na siku zangu za mwaka juu yake." Alilisema bila haya, na kwa nini aone haya? Ni haki yake. Kisha akaangalia kompyuta. "Hata wewe uko na siku ishirini na nane hujachukua. Unajua Machi ikiisha zinapotea?"

Hivyo ndivyo nilivyopewa likizo yenye malipo kamili, mimi mwanamke wa miaka arobaini na nane ambaye mtoto wake wa mwisho anavaa viatu namba tisa. Nilijaza fomu pale pale. Kwenye sababu niliandika mapumziko.

Ayoo hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha wadi, Selpha kifuani chini ya leso, kichwa chenye kofia ya sufu kinachoweza kuingia kwenye kikombe. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu na wenzake.

"Si ungeniuliza kwanza?" akasema. "Huyu ni mtoto wangu ulikuwa unaongea. Si ungeniuliza tu?"

Nilikuwa na maneno mengi, kuhusu yule kijana wa suti, kuhusu watoto watakaozaliwa kesho. Yote yalikuwa kweli. "Sikukuuliza," nikasema. "Nimekukosea. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Nilimweleza habari ya likizo yangu. Akapiga hesabu ambayo ilikuwa na jibu moja tu. Kazi ikienda, chumba kinaenda, na mtoto akifikisha kilo mbili atatoka hospitali aende wapi?

Mwishowe akafungua leso, akamnyanyua Selpha kwa mikono miwili, akamlaza kifuani pangu.

"Mkono ukae hapa kwa mgongo," akasema. "Akinyamaza sana, guza nyayo. Wadogo hivi wanasahau kupumua."

Jumamosi akaenda akaweka kidole. Jumatatu likizo yangu ikaanza.

Nilifika wadini saa kumi na mbili kila asubuhi. Ayoo, ambaye alikuwa amelala ameketi na mtoto kifuani, alinikabidhi, akanawa uso, akaenda kazini. Mideva, muuguzi wa zamu ya mchana, alinifundisha kufunga leso isilegee na kusoma ile karatasi ya uzito. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, na aliniita "bibi ya mtoto" bila kuuliza maswali. Nilikaa. Mimi ambaye sijawahi kukaa kitako saa mbili mfululizo, nilikaa saa kumi na mbili nikihesabu pumzi za mtu mwingine.

Kila baada ya muda Selpha aliamka akatafuta. Uso wake mdogo ulipapasa kifua changu kushoto na kulia, mdomo wazi. Alikuwa amefika mahali penyewe na hapakuwa na kitu. "Pole mama," nilimwambia. "Hapa ni pa kuazima."

Ayoo aliacha maziwa kwenye vikombe kabla ya kuondoka. Kazini matiti yalipojaa alienda chooni akayakamua, akayamwaga, kwa kuwa ile dawa ya waridi ilikuwa hadi kwenye nywele zake na hapakuwa na mahali safi pa kuyaweka. Wiki ya kwanza vikombe vilitosha mchana mzima. Wiki ya pili havikujaa. Mwili ukikaa mchana mzima bila mtoto unadhani maziwa hayatakiwi. Daktari alijaribu maziwa ya unga, kidogo kidogo, tumbo la mtoto likayakataa.

Jioni Ayoo alirudi na vumbi la waridi kwenye kope. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, mara tatu, kisha akamnyanyua mtoto, akamshika hewani kidogo kabla ya kumlaza kifuani.

"Moja, mia tatu na sitini," alikuwa akisema.

Mideva alimpima. Moja, mia tatu na sitini na tano. Ilikuwa ndiyo furaha yetu ya siku. Hata mama wa vitanda vingine walikuja kutazama, wakacheka, wakamwomba awapimie wa kwao. Tulifika mia nne. Tulifika mia nne na hamsini. Siku hiyo Ayoo aliniletea chai, ya kwanza tangu yale mambo, akasema, "Mama Shiko, kunywa ikiwa moto."

Halafu jioni moja akamnyanyua, akamshika, asiseme kitu. Mizani ilisema moja, mia nne na kumi.

"Ameshuka," nikasema kijinga.

"Nimejua," akasema Ayoo.

Kesho yake Oketch akanipigia, sauti yake imejaa sikukuu. Kamati imeandika ripoti. Wameninukuu ukurasa mzima, bila jina, shahidi mmoja mwanamke. Mwenyekiti anaamini mswada utapita, na wanataka niende Nairobi nikaseme tena.

"Ukipita unaanza kufanya kazi lini?" nikamuuliza.

"Aii, kuna mambo ya bajeti. Mwaka ujao. Labda huo mwingine. Lakini utapita, Mama Shiko, na ni wewe umefanya."

Selpha alikuwa chini ya kidevu changu, anatafuta.

"Oketch," nikasema, "usinipigie wiki hii." Nikakata simu. Nilikuwa nataka mswada upite. Bado nautaka. Nilitaka tu asinipongeze.

Siku ya thelathini na sita ya maisha ya Selpha ilikuwa Ijumaa. Zilibaki nne tufike arobaini. Asubuhi alikuwa mzito wa usingizi, na Mideva alimwita daktari mara mbili, wakamtazama, wakabadilisha dawa. Saa nane na nusu mchana niliona kwamba hajatafuta tangu saa sita. Nikagusa nyayo. Akavuta pumzi, nikashukuru. Nikahesabu. Nikagusa tena. Nikagusa tena, nikasugua, nikaita kwa sauti ambayo wadi nzima ilisikia, na kwa mara hiyo sauti yangu haikufaa kitu.

Walimchukua, wakahangaika naye kwa muda mrefu. Sitasema hawakuhangaika. Nilisimama kando ya pazia blauzi ikiwa wazi, kifua changu kikiwa bado na joto mahali alipokuwa. Kisha Mideva akatoka, akanifunga vifungo viwili kwa mikono yake.

"Tumejaribu, bibi," akasema. "Mamake anapatikana kwa simu?"

Hapatikani. Simu za vibarua zinafungiwa kwenye sanduku langoni hadi jioni. "Nitaenda mwenyewe," nikasema.

Bodaboda ilinishusha kiwandani saa kumi na robo. Niliweka kidole kwenye mashine. Ikawaka taa nyekundu. Nikaweka tena.

"Mama Shiko, inasema uko likizo," akasema mlinzi.

"Najua niko likizo. Fungua."

Alinitazama usoni, akafungua.

Nilisimama kwenye mlango wa laini. Wanawake karibu mia mbili, kofia, barakoa, miwani, vumbi la waridi likielea juu yao. Miaka kumi na mitano nilimshukuru Mungu kwamba humo ndani hakuna wa kututambua. Sasa nilikuwa namtafuta mmoja na sikuweza kumwona. Mashine zilikuwa zinanguruma, singeweza kuita.

Wao waliniona. Aliye karibu na mlango aliniona kwanza, akamgusa wa pili. Waliona sijavaa dastikoti. Waliona vifungo vya blauzi vimepishana, na leso ya hospitali bado imening'inia kifuani pangu, tupu. Mikono ikaanza kusimama, laini moja, laini ya pili. Pakiti zikarundikana mwisho wa mkanda, nyingine zikaanguka. Murunga aliinua mkono apige kelele, akaniona, akaushusha. Vichwa vyote vilikuwa vimeinuka kunitazama.

Isipokuwa kimoja. Kwenye mizani ya tatu, mwanamke mmoja mrefu aliendelea na kazi. Aliinua pakiti, akaishika hewani kidogo, akaiziba mdomo, akaiweka kwenye katoni. Akainua nyingine. Nilipita kati ya wenzangu hadi nikasimama kando yake, karibu hata bega langu likagusa lake. Hakugeuka. Aliishika ile pakiti kwenye kiganja kwa muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

"Mama Shiko," akasema, macho yake kwenye pakiti. "Umemwachia nani mtoto?"